Mchezaji akihama, si lazima kocha awe amemfukuza

Mashabiki wengi wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani huamini kwamba mchezaji akihama, kocha ndiye aliyemsukuma nje, hasa kama alimaliza msimu akikaa benchi. Imani hiyo inaeleweka, maana kocha ndiye tunayemwona akiamua nani aingie.

Tazama hesabu kwanza. Mechi ya kawaida ni dakika 40, na timu huwa na watu watano uwanjani: dakika 200 za kugawana kwa kikosi cha watu zaidi ya kumi. Lazima wapo watakaokosa. Zamani aliyehama alilazimika kukaa nje msimu mzima. Mwaka 2021 anayehama mara ya kwanza aliruhusiwa kucheza moja kwa moja. Mwaka huohuo wachezaji waliruhusiwa pia kulipwa fedha za matangazo. Wengi basi hufuata dakika, pesa, au kuwa karibu na nyumbani. Wapo pia wanaoambiwa na kocha watafute timu nyingine, na hilo humuumiza kijana.

Ukitaka kupima, fungua takwimu za mechi zake: dakika zilipungua lini, alikuwa majeruhi, nani alisajiliwa katika nafasi yake? Kisha soma alichosema mwenyewe alipoaga.