Farasi mwoga: yanayosemwa zizini na yaliyo kweli

Punda haendi bila kigongo, ndivyo tulivyolelewa, na ukimfanyia wema fadhila zake ni mateke. Methali hizi mbili nimezisikia juu ya farasi mara nyingi kuliko juu ya punda wenyewe, na kwa kawaida msemaji ni mtu aliyeng'ang'ania kamba upande huu huku farasi akivuta upande ule, macho yamemtoka, kamba inaunguza viganja.

Mimi ni saisi, mtunzaji na mfundishaji wa farasi. Nimefanya kazi kwenye mashamba ya Bonde la Ufa, upande wa Naivasha na Gilgil. Huko watoto wa farasi huzaliwa malishoni na kukulia huko huko na mama zao, pundamilia wakipita jirani, na binadamu wakiwaona kwa karibu mara chache tu kwa mwaka. Halafu siku moja, akiwa na miaka 3 na kilo 400 na ushee, farasi anaambiwa wakati wa kuvaa hatamu umefika. Kazi inayofuata, kabla ya tandiko, wewe ukiwa chini kwa miguu yako na kamba mkononi, ndiyo iliyozungukwa na maneno mengi yasiyo na ukweli.

“Anaogopa kwa sababu hajui watu.”

Anawajua sana. Hebu hesabu alikutana nao lini: siku ya chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoenezwa na visubi, siku ya dawa ya minyoo, na siku ya kuhasiwa, kama ni dume. Kila mara aliswagwa hadi kwenye kichochoro cha mbao, akabanwa, akachomwa. Unapoingia zizini, basi, unaingia na deni ambalo hukulikopa wewe.

“Mfunge kwenye nguzo, atahangaika mpaka achoke.”

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana kwa macho inaonekana kufanya kazi. Farasi hufungwa kamba fupi, gunia likapigwapigwa mgongoni mwake. Anaruka, anaanguka, anainuka, na baada ya saa moja amesimama kimya. Watu wanapongezana, wanaenda kunywa chai.

Ukibaki umtazame utaona mengine. Kichwa kiko juu, shingo imekakamaa kama ubao, hapepesi macho, na pumzi huioni ikitembea ubavuni. Ameona hakuna njia ya kutoka, akaacha kuitafuta. Wachunguzi wa tabia za wanyama wameieleza hali hii miaka mingi sasa: mnyama akishajifunza kwamba lolote afanyalo halibadilishi kitu, hufika mahali asifanye chochote. Hofu yenyewe bado imo. Itatoka siku mtoto wa mwenye shamba yuko juu ya tandiko na mfuko wa plastiki ukapeperushwa na upepo. Tena kuna madhara ya mwili: farasi akijivuta kwa uzito wake wote dhidi ya nguzo anaweza kuumia nyuma ya masikio na shingoni, na maumivu yakambakia.

Gunia lile lile linaweza kufundisha kwa njia nyingine. Lipunge ukiwa hatua 10 kutoka kwake, kidogo tu, kiasi cha kumfanya ainue kichwa bila kukimbia. Akitulia, hata kwa kupumua mara moja, lishushe. Rudia, kisha sogea hatua 9. Kinachomfundisha ni kule gunia kuondoka, na ndiyo maana sekunde ni muhimu. Ukilishusha wakati anaruka, umemfundisha kwamba kuruka hufukuza magunia, na kesho ataruka zaidi. Asilimia kubwa ya farasi “wakaidi” nilioletewa walifundishwa ukaidi kwa mtindo huu, na walikuwa wanafunzi wazuri sana.

Jambo hili si geni. Xenofoni, Mgiriki aliyeandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alionya kwamba farasi aliyeshtushwa na kitu akipigwa huogopa zaidi, kwa kuwa atadhani maumivu yale yameletwa na kitu kile.

“Mwendee kwa kunyata, asishtuke.”

Jike mmoja mwekundu ndiye aliyenitoa ujinga huu. Siku ya kwanza nilimwendea polepole, mgongo nimeukunja, macho nimemkazia, nikijiona mpole kupita kiasi. Nikifika hatua 7 hivi, anaondoka. Narudia, anaondoka. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa ameegemea uzio akitafuna muwa.

“Kijana,” akasema, “unamwinda?”

Akaniagiza nichukue ndoo nikachote maji upande wa pili wa zizi, nipite tu kama mtu mwenye shughuli zake, na ndoo nisiizuie kulia. Nikapita. Jike akanigeuzia sikio moja, kisha uso.

“Simama. Sasa rudi nyuma.”

“Mzee, si ndiyo kwanza ananitazama?”

“Ndiyo maana nakwambia rudi.”

Nilirudi hatua mbili, nikampa ubavu. Jike alishusha kichwa na kutoa pumzi ndefu ya puani, ile inayotikisa midomo. Asubuhi nzima ilikuwa hiyo: akinitazama, naondoka, akiondoka yeye, namfuata kwa mbali nikilenga bega, mwendo wa kawaida, mpaka anitazame tena, kisha namwachia nafasi. Siku ya nne alinifuata hatua mbili mwenyewe. Siku ya sita nilimgusa kwa mgongo wa mkono.

Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, na anaona karibu duara zima, kiasi cha nyuzi 350. Hakuoni ukiwa nyuma ya mkia wake moja kwa moja wala ukiwa mbele kabisa ya paji la uso wake. Kwa hiyo kumnyatia asikuone ni kazi bure, na anachokiona ni kiumbe kilichojikunja, kinachomkazia macho na kusogea kwa siri. Malishoni anayetembea hivyo ni simba.

Na ukishamfikia, usimpigepige shingoni makofi kama unampongeza mchezaji. Mkune. Mahali penyewe ni pale shingo inapokutana na mgongo, wanapokunana wao kwa wao kwa meno. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 kuhusu farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa, ulionyesha kwamba wakikunwa hapo mapigo ya moyo hupungua. Jike mwekundu alipokunwa hapo mara ya kwanza, mdomo wa juu ulirefuka ukaanza kucheza peke yake. Nilicheka kwa sauti, akakimbia, tukaanza upya.

“Lazima umwonyeshe nani mkubwa.”

Zizi la duara lina sifa kubwa. Mmarekani Monty Roberts alilionyesha mbele ya Malkia Elizabeth II kule Windsor mwaka 1989: unamfukuza farasi azunguke, akishaonyesha dalili za kukubali unamgeuzia mgongo, naye anakufuata. Maelezo yanayotolewa ni kwamba umezungumza lugha ya kundi, umekuwa kama jike kiongozi. Kumfukuza mtu aliyekuogopa ili akupende ni hesabu ambayo haijawahi kunikaa kichwani, lakini tuseme ni mimi tu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walieleza jinsi walivyomweka farasi kwenye zizi la namna hiyo na gari dogo la kuchezea linaloendeshwa kwa rimoti. Likamfukuza, na akifanya inavyotakiwa linasimama. Farasi wakajifunza kulifuata. Gari halina lugha ya kundi wala cheo. Lililokuwa nalo ni kusimama kwa wakati wake, yaani lile lile la gunia.

Sisemi zizi la duara ni baya. Nalitumia kwa sababu halina pembe za kujibana. Sikimbizi mtu humo.

“Akilamba midomo na kutafunatafuna, amekubali.”

Farasi akiwa na hofu mdomo hukauka, na hofu ikipungua mate hurudi. Kulamba kunakuambia kwamba kuna kitu kilikuwa kinambana na sasa kimelegea kidogo. Ukimwona analamba kila baada ya dakika mbili, jiulize unambana mara ngapi.

“Mshike akiwa bado mbichi, siku ile ile ya kuzaliwa.”

Kuna waliofundishwa kumbana mtoto mara anapodondoka, wakamsugua masikio, kwato, kila mahali, ili “azoee milele.” Faida ya kudumu haijaonekana kwa uhakika. Watafiti wa Ufaransa walijaribu mwaka 2005 njia ambayo naipenda kwa unyenyekevu wake: mtoto hawakumgusa. Walimpiga mama brashi kwa upole siku 5 za kwanza, mtoto akitazama. Watoto hao baadaye waliwakaribia watu kwa urahisi kuliko wenzao. Kama una jike mzazi anayekuamini, msaidizi unaye tayari.

“Karoti zitamaliza yote.”

Zitakupa farasi anayeamini ndoo. Chakula husaidia kikija mara tu baada ya tendo ulilolitaka. Kikija ovyo, utang'atwa mfuko.

“Ubongo wake umegawanyika: ajifunzalo kwa jicho moja, jingine halijui.”

Hili hurudiwa hata na watu wazoefu. Farasi waliofundishwa jicho moja likiwa limefunikwa, kisha wakajaribiwa kwa jicho la pili, walikumbuka. Habari zinavuka. Kuna mambo mawili ya kweli yaliyozaa uvumi huo. Kwanza, kitu kikitazamwa kutoka upande mwingine huwa na umbo jingine, na farasi anaweza kukiona kipya. Pili, sisi wenyewe tuna upande mmoja: hatamu tunavalisha kutoka kushoto, kamba tunashika kushoto, tandiko tunapandia kushoto. Upande wa kulia hatujawahi kuufanyia kazi, halafu tunalaumu ubongo.

Jike mwekundu, wiki ya tatu, alikuwa anaingiza pua yake mwenyewe kwenye hatamu nikiwa kushoto. Asubuhi moja nikazunguka mbele yake nikasimama kulia, hatamu ile ile, mkono ule ule. Kichwa kikapanda, pua zikatanuka. Nikarudi hatua mbili, nikaenda kuchukua ndoo.