Muhuri wa wakili haubadilishi jina

Hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, utasikia: "Majina yakipishana, nenda kwa wakili akugongee muhuri, yameisha." Hayajaisha.

Chukua kadi ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, iliyoandikwa Hamisi Juma Ramadhani, na hati ya kiwanja yenye Khamis J. Ramadhan. Ni herufi chache tu, lakini ofisini hao ni watu wawili. Anachokupa wakili ni hati ya kiapo. Wewe ndiye unayeapa kwamba majina yote ni yako na kusaini mbele yake. Yeye anathibitisha tu kwamba umeapa, akiandika mahali na tarehe, kama Sura ya 12 ya sheria zetu, ile inayohusu wanaoapisha watu, inavyomtaka. Ukidanganya, kosa ni lako. Inaniuma kuona wazee wakisaini nyumbani kisha mjukuu anatumwa kufuata muhuri. Hapo hakuna aliyeapa mbele ya mtu.

Kubadili jina kabisa ni hati nyingine, inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kadi ikikosewa, marekebisho ni NIDA.

Kwenye kiapo, nakili kila jina lilivyo, hata nukta ya hiyo J.