Epidemiolojia ya mazingira na maisha: kwa nini kundi hili linaugua kuliko lile?

Mtu akiugua kifua, daktari atamuuliza kama anavuta sigara, anafanya kazi gani, kwao kuna aliyewahi kuugua hivyo. Anatafuta chanzo cha ugonjwa wa mtu huyu mmoja. Mtaalamu wa epidemiolojia anakaa na hesabu: mtaa huu una wagonjwa wangapi kwa kila watu 1,000, ule wa pili una wangapi, na kama hawalingani, kuna nini kati yao?

Neno lenyewe ni la Kigiriki: epi ni "juu ya", demos ni "watu", logos ni "elimu". Mara nyingi huelezwa kwa Kiswahili kuwa elimu ya magonjwa ya mlipuko. Maelezo hayo yalitosha enzi za ndui na kipindupindu. Leo yanabana, maana wataalamu haohao huchunguza pia saratani, pumu, shinikizo la damu, ajali za barabarani na hata kujiua. Tawi ninalolizungumzia hapa huuliza jinsi hewa, maji, nyumba, kazi, kipato na elimu vinavyoingia mwilini na kutoka kwa sura ya ugonjwa.

Kisa kinachosimuliwa kila mara ni cha daktari John Snow na pampu ya maji ya Broad Street, London, mwaka 1854, ambayo mpini wake uling'olewa ili watu wasiteke. Kisa kizuri, ila mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua mpini ulipotolewa. Kazi yake nzito zaidi ni nyingine. Kusini mwa jiji hilo kampuni mbili zilisambaza maji katika mitaa ileile: nyumba hii inapata ya kampuni moja, jirani yake ya nyingine. Mwaka 1852 kampuni ya Lambeth ilihamia sehemu ya juu ya mto Thames, ambako maji taka ya jiji hayajaingia. Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota palepale penye uchafu. Kipindupindu kilipopiga, Snow alifuatilia kila nyumba yenye kifo ilikuwa ikipata maji ya nani. Kwa kila nyumba 10,000, upande wa Southwark and Vauxhall walikufa watu 315. Upande wa Lambeth 37. Daktari Mjerumani Robert Koch alikuja kumtambulisha bakteria wa kipindupindu karibu miaka 30 baadaye.

Hesabu ile ilikuwa na nguvu kwa sababu makundi mawili yalifanana karibu kwa kila kitu: mitaa ileile, hewa moja, matajiri na maskini pande zote. Kilichotofautiana ni maji. Bahati kama hiyo ni adimu. Tuseme wanywaji wa kahawa wanaonekana kupata saratani ya mapafu kuliko wasiokunywa. Usiimwage kahawa bado. Huenda wengi wao ni wavutaji pia, na sigara ndiyo inayoua huku kahawa ikibebeshwa kesi. Jambo la tatu la namna hii, lililoshikana na pande zote mbili, ndilo linalowanyima watafiti usingizi. Hulidhibiti kwa kulinganisha wavutaji kwa wavutaji, na wasiovuta kwa wasiovuta. Likiwa halikupimwa kabisa, hakuna hesabu itakayolinasa.

Na majaribio? Huwezi kumfungia mtu ndani ya moshi miaka 20 uone mapafu yatakuwaje. Watafiti hubaki kufuatilia kundi kubwa la watu kwa miaka mingi, au kungoja historia ifanye jaribio ambalo hakuna mwenye haki ya kulifanya. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, magharibi mwa Uholanzi ilikumbwa na njaa baada ya Wajerumani waliokuwa wakiitawala kuzuia chakula. Njaa ile ilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, kwa hiyo ingewezekana miaka mingi baadaye kuwatenganisha waliotungwa mimba katikati yake na waliotungwa kabla au baada. Wa kundi la kwanza, walipokuwa watu wazima, walionekana kupata zaidi ugonjwa wa akili wa skizofrenia.

Wakati mwingine ugonjwa hauonekani kabisa mpaka uhesabu. Desemba 1952 ukungu mzito wa moshi wa makaa uliifunika London kwa siku tano. Lakini watu hufa kila wiki, na wazee wenye vifua vibovu hufa zaidi wakati wa baridi. Utajuaje nani kauawa na moshi? Watakwimu walitoa idadi ya kawaida ya vifo vya majira yale, wakabaki na ziada ya takriban 4,000. Hesabu za baadaye, zilizotazama pia miezi iliyofuata, zilifika karibu 12,000.

Hewa na maji angalau hupimika. Hali ya maisha ni ngumu zaidi, na hapo ndipo utafiti wa Whitehall, uliopewa jina la mtaa wa ofisi za serikali ya Uingereza, ulipowashtua wengi. Ulianza mwaka 1967 kwa wanaume watumishi wa serikali jijini London, kama 18,000 hivi. Hakuna fukara kati yao: wote wana kazi, wote wanakaa ofisini, wote wanatibiwa na huduma ileile ya taifa. Hata hivyo waliokuwa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wale wa juu kabisa. Tena haikuwa wa chini dhidi ya wengine wote. Kila ngazi ilikuwa na afya mbaya kuliko iliyo juu yake. Sigara, shinikizo la damu na lehemu (kolesteroli) zilieleza chini ya nusu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza 1985 na kuwahusisha wanawake, uliona kuwa wasio na kauli juu ya kazi yao waliugua moyo zaidi. Mkosoaji atauliza, je, si ugonjwa unaowazuia watu kupanda cheo? Ni swali la haki, na ndiyo maana ya kuwafuatilia watu tangu wakiwa wazima.

Geoffrey Rose, mmoja wa walioanzisha Whitehall, aliandika mwaka 1985 kwamba kama kila mtu angevuta sigara 20 kwa siku, tafiti zingetuambia saratani ya mapafu ni ugonjwa wa kurithi. Moshi ungekuwa kwa wote, na kitu kilicho kwa wote hakimtofautishi mgonjwa na mzima. Ungeugundua tu kwa kutazama jamii nyingine isiyovuta.

Kutoka kwake pia tumepata hesabu inayowachanganya wengi. Watu 1,000 wenye hatari ya asilimia 50 watatoa wagonjwa 500. Watu 1,000,000 wenye hatari ya asilimia 1 tu watatoa 10,000, na karibu kila mmoja wao, ukimuuliza kabla, angekuambia yeye hayuko hatarini.