Enzi ya Wazi ya Tenisi Si Enzi ya Raketi

Enzi ya Wazi ni kipindi kilichoanza Aprili 1968, wachezaji wa kulipwa waliporuhusiwa kushindana na wachezaji wa ridhaa katika mashindano yale yale, kwanza mjini Bournemouth, Uingereza, kisha katika michuano ya Ufaransa, ambayo Ken Rosewall aliitwaa mwaka huo huo. Ni mpaka wa kanuni za malipo. Lakini kila unapozuka ubishi wa nani bora kati ya Rod Laver, Pete Sampras na Novak Djokovic, hakosekani mtu wa kuitaja kana kwamba mwaka 1968 raketi za mbao ziligeuzwa kuni na kila mchezaji akagawiwa ya kisasa.

Laver alitwaa mataji yote manne makubwa (Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani) mwaka 1962 akiwa mchezaji wa ridhaa, akafungiwa nje alipoanza kulipwa, akarejea na kuyatwaa yote tena mwaka 1969. Mara zote mbili alishika raketi ya mbao, na mara zote mbili mashindano matatu kati ya manne yalichezwa kwenye nyasi. Anayeanza kuhesabu mwaka 1968 anayaacha nje mataji sita kati ya 11 ya Laver, na sababu ya kuyaacha haihusiani na kifaa chochote.

Vifaa vilibadilika kwa wakati wake. Jimmy Connors alikuwa na raketi ya chuma Björn Borg akiwa bado na mbao. Mwaka 1976 kampuni ya Prince ikaleta raketi yenye kichwa kipana. Na Yannick Noah, aliyeshinda Ufaransa mwaka 1983, ndiye mwanamume wa mwisho kutwaa taji kubwa kwa mbao. Borg aliporudi uwanjani Monte Carlo mwaka 1991 na mbao yake, Jordi Arrese alimshinda 6-2, 6-3, ingawa si haki kuibebesha raketi lawama yote ya mtu aliyekaa nje ya mchezo miaka mingi.

Badiliko ambalo watazamaji wengi hawalioni liko kwenye nyuzi. Uzi wa poliesta, uliopata sifa Gustavo Kuerten aliposhinda Ufaransa mwaka 1997, huteleza mpira unapougusa, kisha hurudi mahali pake kwa kasi na kuuongezea mpira mzunguko, hata mchezaji akipiga kwa nguvu zake zote mpira huzama kabla ya mstari wa nyuma. Sampras alitumia nyuzi za utumbo wa ng'ombe kwenye kichwa cha inchi 85 za mraba. Yeye na Kuerten walikutana uwanjani miaka ile ile, lakini kwa upande wa vifaa walikuwa wa enzi mbili.

Kwa hiyo anayesema Djokovic ndiye mwanamume mwenye mataji makubwa mengi zaidi katika Enzi ya Wazi hajakosea hesabu. Ila kuhusu raketi bado hajasema neno.