Je, wajua kwa nini mtoto wa miaka 11 hashtakiwi Zanzibar, hata akikutwa na karafuu za wizi?

Miaka 15 hivi iliyopita, nikiwa bado nakwenda chuoni kusoma Kurani, mtoto wa jirani yetu huku Konde, Pemba, aliletwa barazani kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, huku kashikwa ukosi wa shati. Alikuwa na karafuu mbichi, hazikutimia hata pishi moja, kazifunga kwenye kipande cha kanga na kuzificha tumboni. Akakana. Mzee mmoja akamwambia, "Hebu lete mikono, mwanangu," akainusa. Harufu ya karafuu mbichi haitoki kwa maji matupu. Mtoto akaangua kilio. Mwenye shamba alitaka apelekwe polisi saa ile ile, lakini sheha alikuwa na swali moja tu: "Ana miaka mingapi huyu?"

Nilidhani anamwonea huruma. Ukubwani ndipo nilipofahamu kwamba lile lilikuwa swali la kisheria hasa, na hutangulia hata lile la "ameiba au hakuiba?"

Kosa la jinai halikamiliki kwa kitendo peke yake. Lazima pawepo na akili iliyokijua kitendo kile na kukikusudia. Mtu akikuchukulia viatu vyako msikitini akidhani ni vyake, viatu vimechukuliwa kweli, lakini hakuna mwizi pale. Kwa mtoto mdogo sheria inakwenda mbali zaidi: haisubiri kuchunguza alikuwa na nia gani, inasema tangu mwanzo kwamba nia ya kihalifu haiwezi kuwa naye. Sheria ya Adhabu iliyotungwa Zanzibar mwaka 2004 iliuweka mpaka huo kwenye miaka 12. Chini ya hapo mtoto hawajibiki kwa jinai, hata angekamatwa mchana kweupe mbele ya mashahidi 10. Kuanzia 12 mpaka kabla ya kutimiza 14, sheria hiyo ilimchukulia hivyo hivyo, isipokuwa upande wa mashtaka uthibitishe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kulitenda lile alilolitenda.

Wengi hushangaa wakisikia kwamba Tanzania Bara hesabu ni nyingine: chini ya miaka 10 hawajibiki kabisa, na kati ya 10 na 12 ndipo panapohitajika uthibitisho huo. Kwa hiyo mtoto wa miaka 11 akiiba Tanga anaweza kujikuta mbele ya hakimu, na mwenzake wa umri ule ule akiiba Wete hawezi, ilhali kati yao ni bahari tu. Sababu ni kwamba sheria ya makosa ya jinai haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Polisi wamo, ndiyo maana sare ni moja pande zote mbili. Lakini kosa ni lipi na nani anawajibika kwalo, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar hujitungia lenyewe.

Kwetu visiwani kuna kipimo kingine ambacho watu wanacho vichwani kabla ya hiki cha serikali. Kila aliyepita chuoni ameisikia hadithi ya Mtume kwamba kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Fikra ni ile ile, kwamba asiyeweza kupambanua haandikiwi dhambi. Tofauti iko kwenye kipimo. Baleghe hutazama mwili, na mmoja huwahi, mwingine akachelewa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, dalili zisipoonekana huhesabiwa miaka 15 ya mwezi mwandamo. Sheria ya nchi huhesabu miaka tu. Hapo ndipo barazani watu hutofautiana. Utamsikia mtu akisema, "Huyu kijana keshakuwa, tazama ndevu!" Mahakamani ndevu hazimpunguzii haki yake ya utoto, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya 2011, inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto.

Ule uthibitisho wa kwamba mtoto alijua si mwepesi kama unavyosikika. Mtu atasema: alizificha tumboni, basi alijua. Lakini mtoto huficha pia sahani aliyoivunja, kwa kuogopa bakora. Kuogopa kuchapwa ni jambo moja, kufahamu kwamba umemdhulumu mtu haki yake ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo linalotakiwa. Mimi naona hapa sheria imewaelewa watoto kuliko tunavyowaelewa sisi wenyewe majumbani.

Na akiwa amepita umri huo? Hapo anaweza kushtakiwa, ila njia yake si ya mtu mzima. Sheria hiyo ya 2011 iliweka Mahakama ya Watoto. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka kumzuia mtoto kuwe hatua ya mwisho kabisa na kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atengwe na wakubwa. Kamati ya mkataba huo ilihimiza mwaka 2019 kwamba umri wa kuwajibika usiwe chini ya miaka 14 popote duniani. Naunga mkono kwa moyo wote. Sisi jela tumeipa jina zuri, Chuo cha Mafunzo, lakini sitaki mtoto wa darasa la saba akasome huko.

Mtu mzima anayemtuma mtoto akaibe asijidanganye kwamba kapata ngao. Mtoto asipowajibika, aliyemtuma huhesabiwa kuwa ndiye mtendaji. Katika msimu wa karafuu hili lingefaa litajwe kila baraza, maana wapo wanaonunua karafuu mikononi mwa watoto bila kuuliza zimechumwa mkarafuu wa nani.

Kinga yote hii inategemea kujua siku aliyozaliwa mtoto. Cheti kikikosekana, daktari hutazama meno na mifupa, na jibu lake ni makadirio. Anaweza kukosea kwa mwaka au zaidi, na mwaka mmoja hapa ni mzito. Mzazi ambaye hajasajili mtoto bado anaweza kwenda kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

Siku ile mama yake mtoto aliposikia swali la sheha alijibu, "Alizaliwa ule msimu karafuu zilipokosa bei." Cheti hakikuwepo. Ikabidi aitwe mwalimu wa chuo, akahesabu kwa vidole: alianza alifu pamoja na fulani, na fulani ana miaka 11. Sheha akasema hakuna cha polisi hapa. Karafuu zikarudishwa, na mama akamchumia mwenye shamba siku mbili bila malipo, mtoto yuko chini ya mti anaokota zilizoanguka.