Kirusi hakitafutwi kwa macho

Nimeletewa tena kompyuta mpakato ya mwalimu asiyeona, safari hii kutoka Masasi, ikiwa imeshapigwa Windows, yaani imefutwa na kuwekewa Windows upya. Mitihani aliyotunga, maazimio ya kazi, orodha za alama za wanafunzi, vyote vimekwenda. NVDA, kisoma skrini chake, ile programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, haipo. Alichowekewa ni Windows iliyochakachuliwa na antivairasi imezimwa. Kisa chenyewe ni kwamba mashine ilinyamaza akiwa kazini, watu wakamwambia, "Mwalimu, hicho ni kirusi, na kirusi lazima akitazame mwenye macho."

Maneno hayo nimeyachoka. Nayasikia Chikongola, nayasikia Mikindani, na kinachoniuma zaidi nayasikia kwa wasioona wenzangu. Mimi sioni, natengeneza kompyuta hapa Mtwara, na nawaambia kwamba kuondoa virusi ni miongoni mwa kazi ambazo macho hayakuongezei mengi. Kirusi ni programu, hakina sura. Fundi mwenye macho naye hukitafuta kwenye orodha: programu zinazofanya kazi sasa hivi, zinazojiwasha pamoja na Windows, matokeo ya antivairasi. Orodha hizo zote ni maandishi, na maandishi kisoma skrini kinayasoma.

Tuanze na huko kunyamaza, maana ndiko kunakopoteza kazi za watu. Ukigusa Insert na S bila kukusudia, NVDA inabadilisha namna ya kuzungumza: inaweza kubaki inalia tu, au ikanyamaza kabisa. Ibonyeze tena polepole, ukisikiliza kila mara, mpaka irudi. Ikikataa, bonyeza Ctrl, Alt na N ili NVDA ianze upya. Bado kimya? Shika kitufe cha Windows na Ctrl, kisha Enter, uamshe Narrator, kisoma skrini kilichomo ndani ya Windows yenyewe. Narrator ikizungumza, sauti ya mashine ni nzima na tatizo liko kwenye NVDA. Zote mbili zikinyamaza, tatizo ni sauti: draiva, programu inayoendesha sauti, imeharibika baada ya Windows kujisasisha, au spika za masikioni zimechomekwa nusu, au, jambo linalowapata sana walimu, mashine imeunganishwa na projekta kwa waya wa HDMI na sauti yote imehamia kwenye projekta. Chomoa waya, sauti inarudi. Katika hayo yote hakuna kirusi, na hakuna sababu ya kufuta hata faili moja.

Kuna na kimya cha namna nyingine. NVDA unayotembea nayo kwenye flashi, ile isiyosakinishwa, haiwezi kusoma dirisha la Windows linaloomba idhini ya msimamizi, wala programu zinazoendeshwa kwa idhini hiyo. Ndiyo maana hata Task Manager, ile orodha ya programu zinazofanya kazi, inaonekana kama imekufa. Sakinisha NVDA kamili, litazungumza. Na hapa nasisitiza: dirisha la idhini likija kimya, usibonyeze Alt na Y kwa mazoea. Hujui ni programu ipi inayoomba. Ukiwa na NVDA kamili utasikia jina la programu na jina la mtengenezaji wake, na kama mtengenezaji hajulikani utasikia hivyo pia. Kwangu hapo ndipo penye ulinzi kuliko antivairasi yoyote.

Sasa virusi vyenyewe. Huku kwetu msumbufu mkubwa ni yule wa flashi, anayeficha mafolda na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Msimu wa korosho ndio msimu wake: flashi moja inatoka kwa karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inapita steshenari, inaishia shuleni. Mwenye macho anaona picha ya folda, jina ni lilelile, anabofya. Picha ile imewekwa kumdanganya yeye. Sisi haitufikii. Ukiwa umeweka mwonekano wa Details, NVDA inakusomea jina, kisha aina: "Shortcut", kisha ukubwa wa kilobaiti chache. Folda lenye kazi za mwaka mzima haliwezi kuwa njia ya mkato. Vivyo hivyo ukiwa umeruhusu viambishi vya majina ya faili visomwe, utasikia "barua.pdf.exe" mpaka mwisho, na hiyo .exe ni alama ya programu, wakati mwenzako anaona alama ya PDF tu. Wakati mwingine utasikia folda lisilo na jina lolote. Mara nyingi kirusi kimerundika faili zako humo.

Nasema hili kwa uzito kwa sababu tunaambiwa kila siku kwamba sisi ndio rahisi kudanganywa. Kuna hila zinazotupata sisi zaidi, nazikubali. Ukurasa wenye vitufe vingi vya "Download" sisi tunavisikia vyote sawasawa, kile cha kweli na cha uongo. Na kuna zile kurasa zinazopiga kelele kwa sauti, kwa Kiingereza, kwamba kompyuta yako imeshambuliwa na upige simu namba fulani. Asiyeona anaposikia sauti mbili kwa pamoja anachanganyikiwa. Bonyeza Ctrl peke yake. NVDA itanyamaza. Sauti inayoendelea baada ya hapo inatoka kwenye ukurasa. Funga kwa Alt na F4, na ukifungua tena kivinjari usikubali kirudishe kurasa za mwanzo.

Kusafisha hakuna urefu. Kitufe cha Windows na X, kisha A, unapata PowerShell, dirisha la kuandikia amri, yenye idhini ya msimamizi. Napenda njia hii kwa sababu ipo programu maarufu ya kuondoa virusi ambayo vitufe vyake vyote NVDA inavisoma "kitufe, kitufe, kitufe", bila jina. Kwenye PowerShell hakuna kitu kisicho na jina. Kama ni kirusi cha flashi kinachoendeshwa na wscript ya Windows, kisimamishe kwanza: taskkill /f /im wscript.exe. Kisha Start-MpScan -ScanType FullScan, amri ya antivairasi ya Windows yenyewe, usubiri. Flashi iskani peke yake, maana ule uskani kamili kwa kawaida huziruka: Start-MpScan -ScanType CustomScan -ScanPath E:\ (badala ya E weka herufi ya flashi yako). Ikishakuwa safi ndipo unarudisha mafolda: attrib -h -r -s /s /d E:\*.*. Ukianza na attrib kabla ya kusafisha mashine, flashi itaambukizwa tena papo hapo. Matokeo yasome kwa Get-MpThreatDetection. Programu zinazojiwasha zikague kwa Autoruns, programu ya Microsoft, ukificha kwanza zile za Microsoft wenyewe, orodha iwe fupi.

Vitabu vitakwambia uingie Safe Mode. Havikwambii kwamba Safe Mode haina sauti. NVDA inafanya kazi humo lakini huisikii. Mimi siitumii kabisa. Natumia uskani wa nje ya Windows, Start-MpWDOScan. Huo nao ni kimya: mashine inajizima, inajiwasha, inaskani. Microsoft wanasema kama dakika 15, ila kwenye mashine kuukuu hukaa zaidi. Chomeka chaja na uwe na betri nzima, kwa sababu umeme ukikatika hapo huna wa kukusomea kilichotokea. Usiguse kitu mpaka Windows irudi na NVDA izungumze.

Na hata ukimaliza yote, "No threats" maana yake antivairasi haikupata kinachofanana na inachokijua. Mimi siwezi kuapa kwamba mashine ni safi, na fundi mwenye macho naye hawezi. Kama kirusi kilikuwa cha kuiba nywila, nabadilisha nywila zote kwa kutumia mashine nyingine, na mara kadhaa nimeamua kupiga Windows upya ingawa uskani ulikuwa safi, kwa sababu moyo haukutulia. Kupiga Windows sikukatai. Ninachokataa ni kukifanya kiwe cha kwanza, tena kifanywe na mtu ambaye hakuuliza kama kuna kazi za kuhifadhi.

Yapo mahali macho yanahitajika. Kabla Windows haijaanza, kwenye menyu za BIOS, hakuna kisoma skrini. Simu yenye Seeing AI, programu inayosoma maandishi kwa kamera, inaweza kukusomea skrini ukiishika vizuri, la sivyo mwite jirani. Mwambie asome kwa sauti, mkono wake ukae mbali na kibodi. Anayebonyeza ni wewe.

Na ikibidi kweli kupiga Windows, hamisha kwanza nyaraka zako, acha programu. Kataa kabisa kile kiprogramu cha kuamsha Windows kwa wizi, kile kinachotaka antivairasi izimwe kwanza. Virusi vingi ninavyoviondoa viliingia kwa mlango huo. Mashine nyingi zilizouzwa na Windows halali zina leseni iliyofungamana na ubao mama, na toleo lilelile likiwekwa upya na kuingia intaneti hujiamsha lenyewe. Ukurasa wa kwanza wa usakinishaji ukifika, jaribu Windows, Ctrl na Enter, Narrator huzungumza kama draiva ya sauti imekubali. Ukishaingia, pakua NVDA kutoka kwa NV Access wenyewe, ni bure, na faili lake la usakinishaji huanza kuzungumza lenyewe mara tu unapolifungua.