Pesa na ushindani kwenye umeneja wa mtandaoni: yanayosemwa vijiweni Tanga, na ukweli wake

Jumamosi ikikaribia saa saba mchana, vijiwe vya Ngamiani vinatulia kidogo. Kila mtu ameinamia simu yake. Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni ambao unachagua wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, hufunga mlango wa kupanga kikosi dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza, na mechi ya mapema ya Jumamosi ikianza saa nane na nusu kwa saa zetu, saa saba kamili hakuna anayebadilisha kitu. Saa za Uingereza zikirudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, inakuwa saa nane.

Mlango ukishafungwa, mazungumzo yanahamia kwenye pesa. Chungu cha msimu, yaani pesa walizochangiana wanachama wa ligi ya marafiki, kigawanywe vipi? Bingwa achukue chote? Kwa nini nusu ya wanachama wamesusa timu zao kabla ya Krismasi? Wanaocheza Hattrick, Top Eleven au Online Soccer Manager, michezo ya kuendesha klabu yako mtandaoni, nao wana malalamiko yao: klabu moja imetajirika, wengine wote wanasindikiza. Katika mijadala hiyo kuna maneno yamerudiwa sana mpaka yanachukuliwa kuwa kanuni. Mengi hayasimami ukiyapigia hesabu.

"Zawadi ya bingwa ikiwa nono, ushindani unakuwa mkali"

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na linasikika la maana. Kila mtu anataka zawadi nono, kwa hiyo kila mtu atapambana. Kinachosahaulika ni swali moja: zawadi hiyo ikishatolewa, inakwenda wapi?

Tuchukue ligi ya kubuni yenye klabu nane, kila moja ikianza na milioni 10 za mchezo. Bingwa anapewa milioni 4, wengine hawapewi kitu. Msimu wa pili bingwa anaingia sokoni na milioni 14 mbele ya watu wenye 10. Anasajili straika ambaye wenzake hawamudu, anashinda tena, anafika 18. Akishinda wa tatu ana 22. Misimu mitatu tu, na tayari ana zaidi ya mara mbili ya kila mpinzani. Kuanzia hapo ustadi wake hauna kazi kubwa. Pesa ndiyo inayocheza.

Sasa ziweke milioni 4 zilezile, lakini zigawe kwa ngazi: bingwa laki 8, wa pili laki 7, wa tatu laki 6, kisha laki 5, laki 4 na nusu, laki 4, laki 3, na wa mwisho laki 2 na nusu. Jumla ni ileile. Tuseme nafasi hazibadiliki misimu yote mitatu, yaani bingwa ni yuleyule na mkia ni uleule. Bingwa atakuwa na milioni 12.4, wa mwisho milioni 10.75. Tofauti ni kama asilimia 15. Bingwa bado ana faida, na ni haki yake, lakini meneja makini aliye mkiani anaweza kuiziba kwa usajili mmoja mzuri wa kijana anayechipukia.

Kwa hiyo ukubwa wa zawadi siyo ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ni zawadi inayorudi uwanjani ikiwa nguvu, msimu baada ya msimu, kwa mtu yuleyule. Angalia Fantasy Premier League ilivyolikwepa hili: kila meneja anaanza msimu na pauni milioni 100, hata kama mwaka jana aliongoza dunia nzima yenye wachezaji zaidi ya milioni 11. Zaidi ya hapo, mchezaji wako akipanda bei, ukimuuza unapata nusu tu ya faida. Akipanda laki mbili, moja ndiyo yako. Breki ndogo hiyo inazuia waliobahatisha mwanzoni wasikimbie moja kwa moja.

Top Eleven nayo ina breki yake. Ukipanda ngazi, nyota zinazoonyesha ubora wa wachezaji wako hushuka, kwa sababu sasa wanapimwa kwa kiwango cha ngazi mpya. Kikosi kilichotamba mwezi uliopita kinakuwa cha kawaida na inabidi ukijenge upya. Wengi hukasirika na kusema mchezo unawaonea waliofanikiwa. Mimi naona waliotengeneza mchezo walijua wanachofanya: bila hiyo, ushindi wa kwanza ungekuwa tiketi ya ushindi wote unaofuata.

"Kugawana karibu sawa kunalea uvivu"

Jibu lipo kwenye ligi hiyohiyo tunayoicheza kila wiki. Katika pesa za televisheni za ndani ya Uingereza, Premier League hugawa nusu sawa kwa klabu zote 20, robo kwa kufuata nafasi kwenye msimamo, na robo kwa kufuata idadi ya mechi zilizoonyeshwa moja kwa moja. Timu iliyoburuza mkia msimu wa 2023/24 ilipata zaidi ya pauni milioni 100 kutoka kwenye mfuko wa ligi, na bingwa hakupata hata mara mbili ya hizo. Sijasikia mtu yeyote Tanga akisema ligi hiyo ina wavivu.

Ila tuwe wakweli pia. Manchester City walichukua ubingwa mara sita katika misimu saba, kati ya 2017/18 na 2023/24. Mgao mzuri wa ligi haukuwazuia, kwa sababu kuna pesa nyingine zinazoingia kutoka nje ya mfuko ule: mashindano ya Ulaya, udhamini, matajiri wenye klabu. Meneja anayebuni ligi ya mtandaoni ana bahati ambayo viongozi wa soka halisi hawana: milango yote ya pesa iko mkononi mwake. Akiacha mmoja wazi, ndio utakaopitiwa.

Sisi watu wa Tanga tunalijua hili bila kufundishwa. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Tangu Mtibwa Sugar walipouchukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, mpaka msimu wa 2024/25, nje ya Simba na Yanga ni Azam pekee waliofanikiwa, mwaka 2014. Mtu anayekaa jukwaani Mkwakwani hana haja ya kuelezwa maana ya pesa kujikusanya upande mmoja. Na Wagosi walipomaliza nafasi ya nne 2023/24 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, mji mzima ulichangamka. Hapo ndipo utaona kwamba zawadi ya nafasi ya nne inaweza kuamsha ari kuliko zawadi ya kwanza ambayo watu wanajua haitawafikia.

"Mchezo ukitoa pesa nyingi, klabu zote zinatajirika"

Kwenye michezo yenye soko la wachezaji, kama Hattrick iliyoanzia Sweden mwaka 1997, mameneja huuziana wachezaji kwa mnada. Wachezaji wazuri ni wachache. Ukiwamwagia mameneja wote zawadi mara mbili, wachezaji wazuri hawaongezeki. Kinachoongezeka ni dau. Kiungo aliyekuwa akiuzwa milioni 2 anafika 4, na aliyejiunga jana na mtaji wa mwanzo hata dau la kwanza haliwezi.

Ndiyo maana kila uchumi wa aina hii unahitaji milango ya kuzitoa pesa mchezoni. Mishahara ya wachezaji ni mmoja, na kwenye Hattrick hupanda kwa kasi kadiri kipaji kinavyokua, kiasi kwamba kukusanya mastaa wengi benchi kunakula akiba yako kila wiki. Matunzo ya uwanja ni mwingine. Kisha kuna makato ya wakala: aliyemnunua mchezaji juzi akamuuza leo hukatwa zaidi kuliko aliyekaa naye muda mrefu. Wanaopenda kununua na kuuza haraka huyachukia makato haya. Lakini yakiondolewa, anayeshinda mchezo ni mchuuzi, na anayefundisha vijana wake kwa miezi anabaki kumtazama.

Ukianzisha ligi yako ya mnada kwenye grupu, jambo la kwanza la kuamua ni pesa zinatoka vipi. Zinavyoingia kila mtu ataziona mwenyewe.

La pili ni marafiki kuuziana kwa bei ya kutupa. Mshkaji anakaribia kuacha mchezo, anamuuzia mwenzake kipa namba moja kwa bei ya nauli ya daladala. Ligi nzima inaharibika kwa dakika mbili. Mnada wa wazi wenye muda maalumu unapunguza sana mchezo huo, kwa kuwa kila mtu ana nafasi ya kupandisha dau.

"Anayelipa pesa halisi ndiye anayeshinda"

Inategemea mchezo, na hapa watu huchanganya. Hattrick ina uanachama wa kulipia, lakini unakupa takwimu na mapambo. Timu yako haiongezeki nguvu. Fantasy Premier League ni bure kabisa. Top Eleven ina tokeni zinazonunuliwa kwa pesa halisi na kutumika kwenye minada, na hapo mwenye mfuko mzito ana faida anayeweza kuigusa. Kabla ya kununua bando la mwezi kwa ajili ya mchezo fulani, uliza tu: ninachoweza kununua, kinaingia uwanjani au hakiingii?

"Mchezaji wa mtandaoni ni kitega uchumi"

Naomba vijana walisome hili polepole. Mwaka 2015 kampuni iliyoitwa BetIndex ilianzisha Uingereza jukwaa la mtandaoni la Football Index. Watu walinunua "hisa" za wachezaji halisi na kulipwa gawio mchezaji akifanya vizuri au akitajwa sana kwenye vyombo vya habari. Ilionekana kama soko la hisa, na wengi waliweka akiba zao humo. Machi 2021 kampuni ilitangaza kupunguza gawio kwa kiasi kikubwa. Bei zikaporomoka, leseni ikasimamishwa, kampuni ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, na watu wakapoteza mamilioni ya pauni. Mpaka siku ya kusimamishwa ilikuwa na leseni ya kamari. Hawa walikuwa watu wa nchi yenye wadhibiti wenye nguvu na mahakama za kila aina.

Siku hizi zipo kadi za kidijitali za wachezaji, kama za Sorare, kampuni ya Ufaransa iliyoanzishwa 2018. Ukitaka kuzicheza, zicheze. Bei ya kadi inategemea kuwepo kwa mtu atakayetaka kuinunua kesho, na mchezaji anaweza kuvunjika mguu leo jioni. Ada ya shule ya mdogo wako haipaswi kuwa humo.

Na lile la "ni mchango wa washkaji tu, sheria haituhusu" lina mpaka wake. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 na Bodi inayotoa leseni. Watu kumi wanaojuana kuchangiana zawadi ya mwisho wa msimu ni jambo moja. Mtu anayetangaza ligi kwa watu asiowajua, anapokea pesa kwa simu na kukata fungu lake, huyo anaendesha biashara na aende kwanza Bodi akaulize anahitaji nini. Walio chini ya miaka 18 wasiingizwe kabisa kwenye upande wa pesa. Wacheze bure, na mchezo wenyewe unawatosha.

"Wanaosusa timu katikati ya msimu ni shauri yao"

Siyo shauri yao peke yao. Kwenye ligi ndogo za kukutanisha timu mbili mbili, aliyekutana na timu iliyosuswa anapata pointi za bure, na aliyekutana nayo mwezi Septemba, ikiwa bado hai, hakupata. Msimamo unakuwa wa uongo. Na watu hawasusi kwa uvivu. Mtu aliye nyuma kwa pointi 200 mwezi Januari, kwenye ligi ambayo bingwa anachukua chote, hana sababu ya kuacha chai yake na kwenda kuangalia nani ameumia.

Dawa ipo kwenye mgao. Tuseme mko 20, kila mmoja ametoa shilingi 10,000, chungu ni laki 2. Bingwa apewe 60,000, wa pili 30,000, wa tatu 20,000. Kisha tengeni 50,000 kwa meneja bora wa kila mwezi, kuanzia Agosti hadi Mei, miezi kumi, 5,000 kwa kila mwezi. Weka 25,000 kwa atakayekusanya pointi nyingi kuanzia raundi ya 20 hadi ya 38, msimamo mpya ambao kila mtu anaanza na sifuri. Zinazobaki, 15,000, ziende kwa mshindi wa kombe la mtoano. Bingwa bado anaondoka na fungu kubwa kuliko yeyote, na aliye wa 18 Januari ana sababu tatu za kufungua simu Jumamosi mchana.

Kiasi kiwe kile ambacho kila mtu anaweza kukipoteza bila kukosa nauli ya kwenda kazini. Kikizidi hapo, watakaobaki ni wenye kipato, na ushindani mtakuwa mmeshauchuja kwa mfuko kabla ya msimu kuanza. Mtunza pesa awe mtu asiyecheza. Picha ya salio iwekwe kwenye grupu kila mwisho wa mwezi, siku ileile anayolipwa meneja wa mwezi, na utaratibu wote wa mgao uandikwe na kukubaliwa kabla ya raundi ya kwanza. Ukibadilishwa Februari, hata kwa nia njema, wanaoongoza watasema wamedhulumiwa, na watakuwa na haki.